Telefone njo iruke rezo, si sisi turuke mulima

Kuko maneno matatu ya Kifaransa yenye kila muchimbaji wa Ngungu anajua, hata yule asiyepita masomo: « Appels d'urgence uniquement ». Yanatokea juu ya kioo cha telefone wakati laini imepotea. Wengi wetu tunayasoma kama vile telefone inasema: rezo hakuna. Kumbe sivyo. Telefone ikiandika vile, mara nyingi imeona antene. Antene iko pale, inawaka, na inasikia telefone yako. Ila ni antene ya kampuni ingine, na hiyo kampuni haina mapatano na yako ya kukupokea. Rezo iko. Mulango njo umefungwa.

Sisi wachimbaji wa Ngungu na familia zetu tunaandika leo ju ya kuomba kitu kimoja tu: mulango huo ufunguliwe. Pahali kampuni moja haifike, telefone yetu ipokelewe na kampuni yenye inafika, bila kubadilisha kadi, bila kubadilisha namba, na bila mutu mwingine kuingia katika pesa zetu. Si kitu cha ndoto. Kimefanyika kwengine, hata katika vita. Na kwa sehemu, kimekwisha kufanyika hapa Congo.

Kazi yetu haikai pahali pamoja

Mutu wa ofisi ya Kinshasa anaweza kujiuliza: kwa nini wasichague rezo moja yenye kushika vizuri, wakae nayo? Aje atembee na sisi juma moja. Muchimbaji anatoka Ngungu siku ya kwanza, anapanda mashimo ya upande wa Rubaya. Mwenzake anavuka kuingia Kalehe, upande wa Numbi. Mwingine anashuka Kirotshe na Minova kufuata munuzi. Vijana wengine wanaenda mbali kabisa, Walikale, kwa dhahabu ya Omate ao mali ya Bisie, na wanakaa huko miezi. Pamoja nao kuko wabeba mizigo, wamotari, mama wenye kupika chakula kwenye kariere, na wauza mafuta na tochi. Wote hao wanaishi kwa kutembea.

Na Masisi ni milima. Mawimbi ya telefone hayapite ndani ya mulima. Antene inaweza kuwa karibu sana kwa kilometa, lakini kama kilele kimesimama katikati, haikusaidii kitu. Njo maana kila upande wa kilima uko na mwenyewe: hapa inashika Airtel, ukizunguka inashika Vodacom, ukishuka bondeni labda Orange, ao hakuna hata moja. Kila kariere iko na pahali pake pa kusimama, jiwe fulani ao muti fulani, penye watu wanapanda jioni kutafuta rezo.

Ju ya ile, muchimbaji anatembea na kadi tatu. Mbili ziko ndani ya telefone, ya tatu iko ndani ya karatasi ya sigara ao nyuma ya kifuniko. Akifika pahali papya anafungua telefone kwa mikono yenye matope, anatoa moja, anatia ingine. Kadi ni ndogo kuliko ukucha. Ikianguka katika majani, imekwenda na namba, na majina ya wateja, na pesa zenye zilikuwa juu yake, mupaka mutu ashuke muji kuomba kadi ingine.

Bei yenye tunalipa

Bei ya kwanza ni ya roho. Msimu wa mvua ukifika, udongo unakuwa muzito na mashimo yanaanguka. Kila familia ya hapa inajua ile habari. Wakati shimo limefunga watu, saa ya kwanza njo saa ya kuokoa: kuita vijana wa mashimo mengine, kuita pompi, kuita motari wa kubeba wenye wameumia, kujulisha kituo cha afya. Katika ile saa, kijana mwenye mbio kuliko wote hachimbui wenzake. Anakimbia kupanda kilima na telefone mukononi, anatafuta rezo ya kadi yake. Na labda njiani amepita chini ya antene ya kampuni ingine yenye ingeweza kumusikia.

Mutu anaweza kusema: maneno hayo matatu si yanaruhusu simu ya haraka? Ndiyo, telefone inaweza kupiga 112 hata juu ya rezo ya mwingine. Lakini tuambizane ukweli. Juu ya kilima cha Masisi, nani atapokea 112, na atatuma gari gani, kwa barabara gani? Kwetu sisi, simu ya haraka si namba ya serikali. Ni namba ya kaka, ya mwenye shimo, ya muganga mwenye tunamujua kwa jina.

Bei ya pili ni ya nyumba. Mama anapiga namba ya bwana yake, anaambiwa haipatikani. Anapiga ya pili, haipatikani. Ya tatu hana. Hajui kama bwana yuko chini ya udongo, ao amefungwa kwenye bariere, ao iko tu upande mubaya wa kilima. Usiku unapita hivyo. Wenye hawakuishi ule usiku wanaona rezo ni jambo la starehe, la kutazama video.

Bei ya tatu ni ya pesa. Tangu Goma iingie mukononi mwa M23 mwezi wa kwanza wa 2025, mabanki yalifunga milango yake huko, na telefone njo ikabaki banki ya watu. Mushahara, deni, minerval ya watoto, dawa, vyote vinapita mule. Lakini munuzi anakulipa juu ya laini moja, na nyumbani kuko laini ingine. Wengi wetu bado tunaenda kwenye kabini, tunatoa pesa huku, tunaiweka kule. Tunalipa kutoa, tunaongeza kitu juu ya kupata kesh yenyewe wakati kesh haionekani, na katikati tunatembea na noti ndani ya mufuko mbele ya watu wenye kutuangalia.

Bei ya nne watu hawapendi kuisema. Kwenye bariere, mutu mwenye kukutwa na kadi tatu ao ine anaulizwa maulizo. "Uko nazo mingi ju ya nini? Unapigia nani?" Umasikini wa rezo unakufanya ufanane na mupelelezi.

Kumbe inawezekana?

Inawezekana, na tueleze kwa mufano wa kazi yetu. Tunajua etiketi ya mifuko ya koltani. Mufuko ulitoka kariere na etiketi yake, ulifika depo, ulienda Goma. Kila pahali ulipopita, mutu alisoma namba na kuandika katika buku. Hakuwa na lazima ya kujua muchimbaji wala kufungua mufuko. Aliuliza tu: hii namba ni ya kweli? Wenye walitoa etiketi walijibu ndiyo ao hapana.

Kadi ya SIM ni etiketi kama ile. Ukifika juu ya antene ya kampuni ingine yenye iko na mapatano na yako, ile antene inauliza kampuni yako: huyu ni mutu wenu? Kampuni yako inatuma ulizo gumu, kadi yako inajibu kwa kutumia siri yenye imefichwa ndani yake. Jibu likiwa sawa, unapokelewa. Ile siri yenyewe haitoke ndani ya kadi hata siku moja, na kila mara ulizo ni lingine. Ndugu, tunajua etiketi za mifuko zimeuzwa na kuibiwa. Siri ya kadi ni ngumu kuiiba kuliko ile. Hata menyu ya pesa inaweza kupita kwa njia hiyo: ombi lako linarudi mupaka kwa kampuni yako, na codi yako inahakikishwa kule, si kwa jirani mwenye amekukopesha antene. Tofauti na hiyo, leo codi zetu zinasemwa kwa sauti mbele ya mwenye kabini. Ipi njo yenye hatari?

Hii njia si mupya. Tarehe 27 mwezi wa 9 mwaka 2006, kampuni Celtel iliunganisha rezo zake za Kenya, Uganda na Tanzania. Mutu alivuka mupaka na kadi yake ileile, alipiga simu kwa bei ya pale alipo, na kupokea simu bila kulipa. Mwezi wa 6 mwaka 2007 wakaongeza Gabon, Congo-Brazzaville na inchi yetu wenyewe. Wenye miaka mingi wanakumbuka rangi za Celtel katika Goma. Leo ile kampuni inaitwa Airtel. Kwa hiyo tangu karibu miaka makumi mbili, telefone ya Congo ilijua kuruka mupaka wa inchi.

Na hata leo, watu wa Goma wenye kukaa karibu na mupaka wa Gisenyi wanajua mambo haya: telefone inaweza kuruka yenyewe juu ya rezo ya Rwanda, bila kukuuliza, na yunite zinaisha mbio. Tuangalie vizuri hii ajabu. Telefone ya Mukongomani inapokelewa na antene ya inchi ingine, lakini haipokelewi na antene ya kampuni ingine yenye imesimama katika muji wake mwenyewe. Basi shida si ufundi. Shida ni mapatano.

Mutu atasema: huko kulikuwa amani, huku kwetu kuko vita. Sawa, tuende kwenye vita. Urusi iliingia Ukraine tarehe 24 mwezi wa 2 mwaka 2022. Antene zilipigwa, moto wa umeme ulikatika, watu walikimbia kwa mamilioni. Tarehe 7 mwezi wa 3, hata juma mbili hazijatimia, makampuni matatu ya huko, Kyivstar, Vodafone Ukraine na lifecell, yalifungua milango yote. Mutu akikosa rezo yake, anaingia katika telefone, anachagua rezo ya mwingine, anapiga. Ni washindani, kila mumoja anatafuta wateja wa mwenzake. Lakini waliona ya kwamba mutu mwenye kukimbia bomu hawezi kuulizwa kwanza ni muteja wa nani.

Sisi tuko na miaka mingapi ya kukimbia? Ukraine walihitaji siku kumi na moja.

Wakati wa kukata, walisikilizana

Kuko wenye watatuambia ya kwamba makampuni ni mengi, mashini zao hazifanane, kupatanisha vyote ni kazi ya miaka. Tunawakumbusha RAM. Mwezi wa 9 mwaka 2020, ARPTC, yenye kusimamia mambo ya telefone katika inchi yetu, ilileta ile kodi ya kuandikisha telefone: dola moja kwa mwaka kwa telefone ndogo ya 2G, dola saba kwa ile ya 3G ao 4G. Siku hiyo hakuna rezo yenye ilishindwa. Airtel, Vodacom, Orange, wote walijua kutambua telefone na kukata yunite juu yake. Ilihitaji kelele ya watu wa inchi nzima ndiyo RAM iondolewe katika 2022.

Hatuandike hii kwa kisasi. Tunaonyesha tu ya kwamba wakiwa na nia, wanaweza kukaa meza moja. Kama waliweza kusikilizana ju ya kuchukua, waweze kusikilizana ju ya kuokoa.

Na sheria haiko adui yetu. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020 inazungumuzia kugawana antene na vifaa kati ya makampuni, na vilevile kumupokea muteja wa mwingine ndani ya inchi. Tena katika 2025, Vodacom na Orange walitangaza kampuni ya pamoja ya kujenga minara ya nguvu ya jua kwa vijiji vya Congo. Washindani wawili, munara mumoja. Ni jambo zuri, tunalisifu. Tunaomba tu lisingoje munara mupya, lianzie kwa ile yenye imekwisha kusimama.

Tusikilize na upande wao

Kampuni yenye imetumia pesa kupandisha antene juu ya kilima, imelipa mafuta ya moteri na walinzi, inaweza kusema: kwa nini wengine waje kula jasho letu? Ni neno la haki. Jibu lake ni kulipana. Dakika yenye muteja wa jirani ametumia inaandikwa, na mwisho wa mwezi kampuni zinakata hesabu kati yao, sawa vile zinafanya leo wakati mutu wa Airtel anapigia mutu wa Orange. Mwenye antene atapata pesa juu ya watu wenye leo hawamuletee hata franka moja. Na hatuombe vyote: sauti, SMS, na menyu ya pesa. Video zingoje.

Hatudanganyi watu tena. Kufungua mulango hakutaleta rezo pahali pasipo na antene hata moja. Na kuko minara mingi yenye kubeba vifaa vya makampuni mawili ao matatu pamoja. Mafuta yakikosa ju barabara imefungwa, wote wanazimika mara moja, na hakuna jirani wa kukupokea. Kwa pahali kama hapo tunahitaji jua na betri, si mapatano. Lakini kwa mabonde mengi ya Masisi, mapatano tu yangetosha kesho asubui.

Wenye silaha, wa kila upande, nao tuko na neno kwao. Telefone ya muchimbaji si bunduki. Kufunga antene hakumupofushe adui yako. Kunamupofusha mama mwenye mimba, na kijana mwenye anaita watu waje kuchimbua wenzake. Hatuandike siasa hapa. Tunaandika ju ya watu.

Yenye tunaomba

Kwa ARPTC na makampuni: fungueni, katika Masisi, Walikale na Kalehe, kupokelewa kwa laini yoyote pahali kampuni yake haifike, kwanza kwa sauti na SMS. Mujaribu miezi sita, mukate hesabu, muone kama kuna mwenye amefilisika.

Kwa Banki Kuu na makampuni: pesa itoke laini moja iende laini ingine bila kupita katika noti, na kwa bei yenye mutu masikini anaweza. Tanzania walianza kuunganisha pesa za telefone katika 2014, na M-Pesa ya kule ikaingia katika 2016. Kenya walifanya katika 2018. Sisi tunaongea Kiswahili kimoja na wao. Tusishindwe kuelewana na mambo ya pesa.

Kwa wenye mashimo na wanunuzi wa mali: munakula juu ya kazi hii, changieni. Panele ya jua na telefone moja yenye kadi zote, iwekwe kwenye kituo cha kila kariere, ipatikane kwa kila mutu wakati wa hatari. Bei yake haifike ile ya gunia moja.

Wakati tunangoja

Tunajua maombi yanachukua muda. Basi, bandugu, bapapa na bamama, kadi tatu zenye tunatembea nazo leo zisikuwe mulango wa wezi.

Kila kadi iandikishwe kwa jina lako. Kadi yenye ulinunua barabarani kwa jina la mutu mwingine, ni ya huyo mutu. Siku ikipotea hautaweza kuirudisha, na pesa yenye iko juu ni yake mbele ya kampuni.

Weka codi PIN juu ya kadi yenyewe, si juu ya telefone tu. Mwizi wa telefone anatoa kadi yako na kuitia katika telefone yake. Kama kadi iko na PIN, inakwama pale. Ukikosea mara tatu inaomba PUK: hiyo namba iandikwe karatasini na ibaki nyumbani.

Usiache kadi kulala miezi mingi bila kuitumia. Kampuni inaweza kuchukua ile namba na kuiuzia mutu mwingine, na huyo akifungua WhatsApp yake anapokea codi ya namba yako. Piga simu moja na kila kadi mara kwa mara. Na katika WhatsApp, weka ile codi ya pili, « vérification en deux étapes ».

Codi ya pesa haisemwe kwa kabini, hata kama mwenye kabini ni shemeji. Haisemwe vilevile kwa mutu mwenye kukupigia na kujiita wa kampuni. Na kwa Wi-Fi ya kulipia, ile ya antene ya satelite yenye inaenea siku hizi, ongea, tuma sauti, lakini mambo ya pesa uyafanye juu ya laini yako mwenyewe.

Mwisho, piga *#06# leo, andika ile namba yenye inatokea. Ni jina la telefone yako siku ikiibiwa. Na namba zako tatu zote ziandikwe karatasini: moja ibaki na mama nyumbani, moja na mukubwa wa ekipi. Karatasi haihitaji rezo.

Hiyo yote tutafanya, ni kazi yetu. Lakini kuko kitu kimoja chenye hatuwezi kufanya na mikono yetu, hata kama imezoea kuvunja mawe. Funguo za antene ziko kwa wengine. Leo jioni, juu ya kilima cha Ngungu, telefone mingi itaandika tena maneno yale matatu, na antene ya jirani itakuwa inawaka. Wenye funguo wasome hapa ya kwamba sasa tunajua maana yake.